Kikojozi Hana Haja ya Wafuasi

Manono, 6 Machi 2025

Wifi yangu Leila,

“Hata zamani kikojozi alizungushwa mtaa mzima. Mimi nimebadilisha njia tu: wazee walitumia miguu, mimi natumia simu.”

Hayo ni maneno yako, uliyoyasema mbele ya watazamaji wako, mkono kiunoni na kilemba cha manjano kichwani. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa sababu yamenikaa kooni tangu Jumapili, na salamu haipiti mpaka yatoke. Maneno hayo si kweli. Sisemi wewe ni mwongo. Nasema mume wako alikupa nusu ya hadithi, na nusu aliyoificha ndiyo yenye maana.

Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa hujazaliwa, au ulikuwa bado unalowesha mikeka ya kwenu huko Moba. Pale kwetu mtaa wa Katuku, mtoto akikojoa kitandani alibebeshwa mkeka wake kichwani, akapelekwa mlango kwa mlango kuomba chumvi. Watoto walimfuata wakiimba, kweli. Watu wazima walicheka, kweli. Lakini kulikuwa na sharti: mwenye nyumba hatoi chumvi kabla hajamtaja kikojozi wa kwake mwenyewe. “Chukua, mwanangu, hata mjomba wako Shehe alikojoa mpaka mwaka wa kuoa.” Na mjomba Shehe yuko pale pale kibarazani na kikombe chake cha chai, ameinamisha uso. Mtoto alipomaliza mlango wa mwisho alikuwa amekwisha kujua kwamba mtaa mzima umejaa vikojozi waliokauka. Mama Clémence, jirani yetu wa mwisho, alimwogesha kwa maji ya moto na kumpa andazi. Jioni jambo limekwisha. Kesho kulikuwa na mwingine.

Anwari, mdogo wangu na mume wako, alizungushwa hivyo kuliko mtoto yeyote wa Katuku, na mimi ndiye niliyeongoza wimbo. Leo ni nahodha mwenye mashua na ndevu. Kuna mtu bandarini anayemjua kwa mkojo?

Sasa nionyeshe, wifi. Katika hao watu elfu sitini waliomcheka binti yako Mouna kwenye video yako, akiwa na godoro kichwani, nani amejitaja? Nani amempa chumvi? Nani amemwogesha? Na huko kwenye simu jioni inaingia saa ngapi, ili jambo liishe?

Haya, sasa salamu. Ramadhani njema kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Hapa Manono tunaendelea. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wanaacha madaftari kwenda kuchimba mawe ya madini, nami nawafuata mpaka mashimoni na kitabu mkononi. Wananiita Mama Kelele. Jina nimelipokea. Redio ya hapa bado inanipa robo saa kila Jumamosi nigombane na ulimwengu, na ulimwengu bado haujajibu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wangu wa sauti wa Januari uliupiga mbele ya watazamaji wako, ukauwekea na kicheko. Karatasi haina kitufe cha kusambazia.

Tangu vita vishuke kutoka Bukavu sijamwona Anwari katika video zako hata mara moja. Amesharudi kutoka Uvira?

Ifute ile video, na ukurasa wenyewe ufunge. Mbusu Mouna wangu. Ana miaka tisa tu, asitangulie kuwa mtu mashuhuri kabla hajawa mtu.

Wifi yako mwenye mdomo,
Fatouma


Kalemie, 5 Aprili 2025

Yaya Fatouma, dada yangu mkubwa, Mama Kelele wa Manono,

Asalaam aleikum na Idi mubaraka. Sisi wazima, ziwa zima, joto ndilo linalotuua.

Barua yako imefika ikiwa wazi kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Ruphin wa pikipiki aliyeileta alinipa huku anajikaza asicheke. Akaniambia, “Mama Mouna, kumbe Kapiteni Anwari alikuwa mukojozi! Na miye nilikuwa namuogopa, ee!” Kabla ya adhuhuri bandari nzima ilikuwa na habari. Wapagazi wananisalimia, “Mama, chumvi ipo?” Umeuliza kama kuna mtu bandarini anayemjua mume wangu kwa mkojo. Sasa wapo, na ni kazi ya kalamu yako. Safari nyingine tafuta gundi kabla ya kunifundisha kutunza siri za watu.

Swali lingine dogo. Wewe usiyeangalia simu, rangi ya kilemba changu uliijuaje?

Habari za nyumbani ni nyingi. Sebuleni ninaye Mama Pascaline, Mubembe kutoka mji wa Baraka, na watoto wake, walioshuka na mashua ile wiki watu walipomiminika hapa kama dagaa. Ni mtu wa kanisa. Anaimba akiosha sufuria, na mimi nimeanza kuitikia. Usimwambie imamu. Kila nyumba ya Katuku ina wageni, na kila choo kina foleni.

Kuhusu Mouna sikufichi. Alianza kulowesha siku zile risasi zilipolia upande wa bandari. Nilimwamsha usiku, nikamnyima chai ya jioni, nikamsomea dua. Wapi! Ndipo nikakumbuka dawa ya kwenu, aliyonisimulia Anwari mwenyewe akicheka mpaka machozi. Na dawa imefanya kazi, yaya! Tangu Ramadhani ianze godoro ni kavu, unaweza kukaangia samaki juu yake. Tena sikia: mtoto amefunga mwezi mzima. Miaka tisa! Hakuna aliyemlazimisha. Imamu alimsifu mbele ya wanawake wote. Nilimpiga video akifuturu, na baraka zilitoka Kigoma, Bujumbura, mpaka Ulaya. Sasa anafunga sita za mfungo mosi, kwa hiari yake. Papa Télesphore, yule muuza magodoro wa sokoni, ametuletea godoro jipya lisilopitisha maji, nami namtangaza kidogo. Kuna ubaya gani?

Anwari yuko Uvira. Mashua yake imezuiliwa huko na netiweki ni mbaya. Yu salama, usijitie presha.

Ukurasa siufungi, na sababu usiniulize.

Leila, au kama watu elfu sitini wanavyoniita, Mama Mouna


Manono, 11 Mei 2025

Wifi Leila,

Salamu kutoka matopeni. Barua yako imekaa njiani karibu mwezi mzima: lori lilinasa upande wa Nyunzu, na barua ikalala ndani pamoja na vitunguu. Naijua harufu yake sasa. Hii ninayokuandikia nimeifunga kwa bukari, ugali uliolala, badala ya gundi. Ruphin akiifungua, atalazimika kuila.

Habari ya Anwari na bandari imeniingia. Umenipata. Nimeandika siri ya mtu mahali ambapo mwingine angeisoma, nikamchekesha mpagazi kwa aibu ya ndugu yangu. Nakiri, na kwa kukiri huko nakuuliza: mimi msomaji mmoja tu amenitoroka na tazama yaliyotokea. Wewe una wangapi?

Na kilemba, ndiyo, nilikiona. Naangalia kwenye simu ya Barnabé, mwalimu mwenzangu wa hesabu, ambaye ananitoza hindi moja la kuchoma kwa kila video. Kwa ajili yako nimemaliza shamba.

Sasa weka simu chini unisikilize, maana utani naupumzisha hapa.

Video ya Mouna akifuturu nimeitazama, nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Anakula tende. Anakula sambusa. Anainua bilauri ya maji, anaigusisha midomoni, anaiweka chini. Maji hayajapungua, Leila. Yalikuwa chini kidogo ya ukingo, yakabaki chini kidogo ya ukingo. Halafu macho yake hayaangalii sahani wala bilauri. Yanakuangalia wewe, pale ulipo nyuma ya simu, kama mtu anayengoja kuona kama amekamatwa. Katika video ya Idi ana gauni zuri sana, na midomo imepasuka kama ya mtu aliyetoka kuvuka jangwa. Watazamaji wako wameandika “mashallah”. Hakuna aliyeandika “mpeni maji”.

Wewe umeona mchamungu mdogo. Mimi naona mtoto aliyegundua kwamba asipoingiza maji hayatatoka. Ramadhani ilimpa ruhusa ya kujikausha mbele yetu sote, nasi tukamsifu. Na mwezi ulipokwisha, akatafuta siku nyingine za kufunga. Kwa umri wake hata faradhi haijamfikia! Godoro lako ni kavu, wifi, kwa sababu mtoto ni mkavu.

Jambo la pili. Prefe, mkuu wa shule yetu, mtu wa tai na koti hata kwenye joto hili, alituma stika kwenye kundi la walimu siku aliyochelewa mkutano. Stika yenyewe ni mtoto mwenye godoro kichwani, na chini yake maandishi: “Naja, nimepata dharura.” Walimu wakacheka. Barnabé akacheka. Nikaiangalia vizuri, nikaona kovu dogo juu ya jicho, lile alilolipata kwenye jiwe la kusagia mahindi kwa mama yetu.

Nikasema, “Huyu ni binti wa mdogo wangu.”

Prefe akavua miwani. “Pole sana, Mama Fatouma. Sikujua kama ni mutoto wa muntu.”

Nikamuuliza alidhani ni mtoto wa nani.

Nakuomba jambo moja tu. Muulize Mouna kama anakunywa maji. Muulize jikoni, mikono yako ikiwa na unga, simu ikiwa chumba kingine.

Fatouma


Kalemie, 1 Juni 2025

Yaya Fatouma,

Salamu nyingi. Tunajiandaa na Idi ya kuchinja, ingawa mwaka huu tutachinja kuku tu na kumwita mbuzi. Migebuka, samaki wetu wa ziwani, wamepanda bei. Mama Pascaline amepata kibanda cha kuuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, na anafanya vizuri, watu wanampenda. Mwanawe mkubwa ana kikohozi, kinapungua. Kuku wa Mama Pascaline wanaingia chumbani kwangu na kutaga juu ya vitenge. Bukari yako ilifika imekauka kama saruji, tuliivunja kwa mchi. Ruphin anakusalimu na anasema wewe ni mwanamke mbaya.

Ziwa limetulia siku hizi. Mashua za kaskazini zinakuja chache.

Watoto wote hawapendi maji. Hata wewe najua hupendi, unakunywa chai tu.

Leila


Manono, 19 Juni 2025

Leila,

Idi iliyopita iwe ya heri. Mwambie Ruphin kwamba sifa zake nimezipokea.

Nimesoma barua yako kama ninavyosoma taarifa za serikali, yaani nikitafuta kisichoandikwa. Kuku umewataja mara mbili. Kikohozi cha mtoto wake kimepata mstari mzima. Mouna hayumo. Jina lake halimo hata kwenye salamu, wewe ambaye kwa kawaida huwezi kutangaza sabuni bila kumtaja.

Nawe nikukubalie kwamba kuna jambo mimi pia nimelizunguka. Niliuliza habari za Anwari kama mtu anayeuliza habari za mvua, ukanijibu kama mtu anayejibu habari za mvua, nikaridhika. Sikutaka kuridhika, ila niliogopa kuuliza sawasawa. Tangu Februari hajanipigia. Nilikuwa nikijituliza kwamba anakupigia wewe, maana mke ndiye wa kwanza. Sasa nakuuliza: sauti yake uliisikia lini mara ya mwisho?

Usinijibu kwa kuku.

Fatouma


Kalemie, 14 Julai 2025

Yaya yangu,

Nakusalimu. Mouna yu hai na anakula. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki bila kukimbia.

Siku ya mitihani ya mwisho alianguka uwanjani, wakiwa kwenye mstari mbele ya bendera. Mwalimu alimbeba mpaka kituo cha afya. Nilipofika, muuguzi mmoja anayeitwa Anne alikuwa ameshamtia dripu. Akabana ngozi ya mkono wa mtoto na vidole viwili. Ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

“Mama, huyu mutoto anakunywa maji?”

“Anafunga,” nikasema. “Anapenda ibada.”

Anne akamwinamia. “Mouna, ni ibada?”

Mouna akaangalia ukuta. Kisha akasema polepole, “Nisipokunywa, hakuna sehemu ya pili.”

Anne hakuelewa. Mimi nilielewa. Mwisho wa ile video nilisema, na nilisema nikicheka, Mungu ananijua: “Akirudia, wapendwa, tutawaletea sehemu ya pili!” Watu waliandika mamia kwa mamia, “Tunangoja sehemu ya pili.” Mouna anajua kusoma, yaya. Ni wewe uliyemfundisha.

Na sijafika kwenye lenyewe. Nikiwa nimekaa pale kando ya kitanda, mkono wangu uliingia kwenye pochi wenyewe, ukatoka na simu. Sijui nilitaka nini. Pengine saa. Mouna aliiona. Dripu ikiwa mkononi, akainua mkono mwingine, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akanitabasamia. Tabasamu lile lile la kwenye video, yaya, lenye kishimo upande mmoja. Alidhani kazi imeanza.

Niliizima. Nikaenda nje nikalia pale wanapofulia mashuka.

Sasa swali lako. Sauti ya Anwari niliisikia mara ya mwisho mwezi wa pili, siku ambayo watu walianza kukimbia Uvira. Alisema, “Napakia watu, nitakupigia nikifika.” Basi. Wengine wanasema mashua yake ilionekana ikielekea Burundi. Wengine hawasemi kitu, wananipa mkono tu, na hao ndio ninaowaogopa. Ukurasa nilikuwa nao tangu mwaka jana wa kuuzia vitenge. Alipopotea nikaanza kumweka Mouna. Niliwaza kwamba popote alipo, hata kambini, kutakuwa na mtu mwenye simu. Na kinachochekesha kinasafiri kuliko kinacholiza, hilo nililiona mwenyewe: video niliyolia nikimtafuta ilitazamwa na watu wa mtaani tu, ya godoro ilivuka ziwa. Kila jina jipya nililisoma nikitafuta lake. Ndiyo maana nilikwambia usiniulize sababu. Nikifunga ukurasa, ni kama nimepiga komeo na yeye yuko nje anabisha.

Video ya godoro nimeifuta. Kesho yake nikaiona kwa mtu mwingine, wameiwekea muziki. Ile stika Mama Pascaline aliiona kwenye kundi lao la kwaya. Papa Télesphore anauliza kwa nini simtangazi tena, nimemrudishia godoro lake, hataki kulipokea kwa sababu, anasema, limeshakuwa na jina.

Mouna anakunywa sasa, kidogo kidogo. Lakini anachukua kikombe anakwenda nacho nyuma ya mlango. Nikipita anakificha nyuma ya mgongo, kama mtu aliyeiba. Usiku analowesha tena. Nashukuru. Sikuwahi kufikiri kwamba nitashukuru kwa shuka lililolowa. Sokoni hataki kwenda, na Septemba sijui atakubali shule.

Mimi maneno yangu yote nimeyatumia kwenye sabuni na magodoro. Wewe unayejua kugombana na watu, niandikie ya kuwaambia.

Mdogo wako,
Leila


Manono, 3 Agosti 2025

Leila, wifi yangu, mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, nawasalimu Pascaline na wanawe, nawasalimu hata kuku. Mouna nimemwandikia barua yake peke yake, imo humu ndani, imefungwa. Usiisome. Haina mafundisho yoyote, nimemwandikia habari za mbuzi wa prefe.

Nilipoimaliza barua yako nilikwenda kwa Barnabé nikamwambia afute stika mbele ya macho yangu. Alifuta. Nikaenda kwa prefe ofisini kwake. Alianza kunieleza habari za utani, na jinsi mtoto hatajua kamwe, yuko mbali, Kalemie. Nikamwambia kwamba nitazungumzia jambo hilo Jumamosi redioni, na sitataja jina, nitataja tai tu. Alifuta. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mouna anaendelea vizuri. Si mtu mbaya. Karibu wote waliocheka si watu wabaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningejua pa kumshika.

Umesema siku ile hukujua mkono wako ulitaka nini kwenye pochi. Sikupigi kwa hilo. Najua unachokitafuta mle ndani. Nami namtafuta huyo huyo. Nimewaandikia jamaa zetu wa Kigoma na wa Bujumbura waulize kambi kwa kambi, jina lake, jina la mashua, ndevu. Siwezi kukuahidi kitu. Siwezi pia kuandika neno lile lingine, na wewe usiliandike.

Ukurasa usiufunge. Hapo nilikosea na wewe ulikuwa na haki: mlango wa Anwari ubaki wazi. Ila pale mlangoni simama wewe. Weka uso wako mwenyewe, kila jioni ukitaka, useme, “Anwari, tuko Katuku, nyumba ile ile.” Huo ndio uso aliouoa. Anaujua hata ukiwa umekasirika, kwa kweli anaujua zaidi ukiwa umekasirika. Watakuja watazamaji wachache. Haidhuru, unamtafuta mmoja.

Maneno uliyoniomba ni haya. Yasome mwenyewe, umekaa, Mouna akiwa kwa jirani. Usiwashe muziki. Ukitetemeka, tetemeka, lakini usiongeze kicheko.

“Nasema na ninyi mlio na video ya mtoto mwenye godoro kichwani, mliyoihifadhi kwenye simu zenu. Nasema na wewe uliyeikata ukaifanya stika, na wewe unayeituma ukichelewa kazini. Nasema na kina mama wa kundi la wazazi wa shule yake, na wanakwaya, na vijana wa bandarini.

Aliyeipiga ni mimi, mama yake. Sikulazimishwa na mtu, na sitafuti wa kumtupia lawama. Nilidhani natibu, kumbe nilikuwa naonyesha. Yeye alidhani njia ya kuwanyima ninyi sehemu ya pili ni kuacha maji, akaacha mpaka akaanguka. Sehemu ya pili ndiyo hiyo. Hakuna nyingine.

Na ninyi wazazi wenzangu wenye kurasa, mnaosema mtoto anapenda, mbona anatabasamu: wangu pia alitabasamu, akiwa na sindano mkononi. Mtoto anayetabasamu kila mnapoinua simu hajawaambia kwamba amefurahi. Amewaambia kwamba amejifunza. Zimeni muone anafanya uso gani.

Naomba mambo mawili, na nayaomba kwa majina yenu, maana nawajua wengi. La kwanza, ifuteni leo, video na stika, na aliyewatumia mwambieni naye afute. Msiniandikie pole kabla hamjafuta. La pili ni kwenu ninyi wa Katuku mnaokutana naye njiani. Anaitwa Mouna. Mwiteni hivyo, si kwa jina lingine lolote. Na akisimama mlangoni kwenu akaomba maji, mpeni kikombe kimejaa, kisha geuzeni nyuso zenu mpaka amalize kunywa.”

Fatouma